Fluoksetini kwa binti wa miaka 16 mwenye sonona iliyotokana na msongo wa muda mrefu: uchambuzi wa kisa

Usuli

Kisa hiki kinamhusu binti wa miaka 16, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania, aliyeletwa kwenye kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa akiwa na sonona kali. Majina, mahali na baadhi ya maelezo ya familia yameondolewa au kubadilishwa ili asitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi, wafamasia na walimu wa malezi, kwa sababu wao ndio wanaokutana na vijana wa namna hii kabla ya daktari bingwa, na mara nyingi ndio wanaolazimika kuamua, mbele ya kabati lenye dawa za sonona aina mbili tu, kama kijana apewe dawa, apewe ipi, na nani amwangalie baada ya kupewa.

Mama wa binti huyu alipata kiharusi miaka miwili na nusu kabla ya kisa hiki kuanza. Upande wa kulia ulipooza na usemi wake ukaharibika. Binti ndiye mtoto mkubwa na wa kike pekee kati ya watoto wanne, hivyo kazi ya kumuuguza mama ilimwangukia yeye bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua iwe hivyo. Aliamka saa kumi alfajiri akamgeuza mama ili asipate vidonda vya mgongo, akamsafisha, akapika uji wa wadogo zake, ndipo akaenda shule, mara nyingi kwa kuchelewa na kupewa adhabu ya kuchelewa. Usiku aliamka tena kumgeuza. Baba, ambaye ni fundi seremala, alikopa fedha za matibabu kwa wakopeshaji wa mtaani, ile mikopo inayoitwa kausha damu, na deni lilipomshinda wakopeshaji wakaanza kuja nyumbani kudai. Walikuja mchana au jioni, baba akiwa karakana, kwa hiyo aliyewafungulia mlango na kusikiliza maneno yao alikuwa binti.

Katika historia hii hakuna tukio moja kubwa ambalo mtu angelitaja kuwa ndilo lililomvunja. Ndiyo maana ilichukua muda mrefu kwa watu wazima waliomzunguka kuona kwamba anaumwa. Kila siku ilifanana na jana yake, naye alizifanya kazi zote, na watu walimsifu kwa uvumilivu.

Yaliyotokea kabla ya kufika kliniki

Malalamiko yake ya kwanza yalikuwa ya mwili: kichwa kuuma, moyo kwenda mbio, tumbo kuwaka moto, na uchovu. Katika zahanati ya karibu alitibiwa malaria mara mbili, mara moja kati ya hizo kipimo cha haraka kikiwa hakionyeshi vimelea. Baadaye akatibiwa homa ya matumbo kwa majibu ya kipimo cha Widal kilichofanywa mara moja, kisha vidonda vya tumbo. Mara ya tano alilia mbele ya mhudumu, akaandikiwa amitriptilini, moja ya dawa za sonona, miligramu 25 kila usiku, imsaidie kulala na kutuliza kichwa. Kadi yake haionyeshi kwamba aliulizwa hali ya moyo wake, wala nani yuko nyumbani, wala kama amewahi kufikiria kufa.

Usingizi ulikuja, lakini pamoja nao ulikuja mdomo mkavu na uzito wa asubuhi uliomfanya ashindwe kuamka saa kumi. Alipoona mama amelala kwenye unyevu hadi kumekucha, akaanza kuruka dozi. Kila mwezi aliendelea kwenda kuchukua dawa, na asizozimeza akawa anazihifadhi.

Aliyeshtuka alikuwa mwalimu wa malezi. Katika mtihani wa muhula binti alikaa kwenye kiti muda wote, akarudisha karatasi ikiwa na jina na namba yake tu. Mwalimu hakumwadhibu. Alimwita shangazi yake, dada wa baba anayeishi mtaa wa pili, na siku iliyofuata shangazi akamleta hospitali.

Tathmini

Shangazi alianza kumsemea: "Mtoto huyu anawaza sana, daktari, lakini ni mvumilivu, halalamiki." Tulimsikiliza kwanza, kisha tukamwomba akae nje ili tuzungumze na binti peke yake. Hatua hii ni ndogo, na kila mara inafaa kufanywa. Akiwa peke yake binti alisema kwamba kwa miezi kadhaa hajafurahia chochote, kwamba somo la baiolojia alilokuwa akilipenda sasa linampita kama kelele, na kwamba "nikiamka nakuta nimeshachoka". Kadi za zahanati zilionyesha uzito umeshuka kutoka kilo 52 hadi 45. Dodoso la PHQ-9, ambalo alama zake huishia 27 na ambalo 20 na kuendelea huhesabiwa kuwa sonona kali, lilitoa alama 21.

Swali la kujiua liliulizwa kwa maneno ya wazi. Alijibu kwamba mawazo hayo yapo, yamekuwapo kwa wiki kadhaa, na kwamba vidonge alivyovihifadhi alivihifadhi kwa sababu hiyo. Kuuliza hakupandikizi wazo hilo kwa kijana. Kwa huyu swali lilimpa ruhusa ya kusema jambo alilokuwa amelibeba peke yake. Mchana uleule shangazi alitumwa nyumbani kukusanya dawa zote. Alirudi na mfuko wenye amitriptilini za binti, dawa za presha za mama, na vidonge vingine ambavyo hakuna aliyekumbuka vilitoka wapi. Zilizohitajika zilirudishwa kwake azifungie, na zilizobaki zikakabidhiwa famasi ya hospitali.

Kabla ya kuzungumzia dawa ya sonona, yaliangaliwa mambo ambayo yangebadilisha uamuzi. Hakuwa na historia ya vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala bila kuchoka au kujiona mkuu, na katika familia hakuna aliyewahi kuwa na hali hiyo. Hakuwa akisikia sauti. Aliulizwa kuhusu kupigwa na kuingiliwa kingono, akakana, na swali hilo lilirudiwa wiki za baadaye alipokuwa amezoeana na muuguzi. Vipimo vya ujauzito na VVU havikuonyesha kitu. Himoglobini ilikuwa gramu 9.6 kwa desilita, yaani damu pungufu, akaanzishiwa madini ya chuma. Kwa kuwa amitriptilini hugusa umeme wa moyo na yeye alilalamika moyo kwenda mbio, alifanyiwa kipimo cha moyo, kikawa cha kawaida.

Uamuzi wa dawa na sababu zake

Mwongozo wa afya ya akili wa Shirika la Afya Duniani, uitwao mhGAP, unataka kijana mwenye sonona aanze na msaada wa kisaikolojia na kijamii, na dawa ifikiriwe baadaye msaada huo usipotosha. Kwa vijana mwongozo huo unataja fluoksetini peke yake, na kwa watoto wadogo hautaki dawa za sonona zitumike. Binti huyu alianzishiwa dawa na mazungumzo kwa pamoja bila kusubiri, kwa sababu tatu: ukali wa ugonjwa, mawazo ya kujiua yenye maandalizi, na ukweli kwamba muuguzi mwenye mafunzo ya tiba ya mazungumzo hupatikana kliniki siku moja tu kwa wiki.

Amitriptilini ilisimamishwa. Wapo waliouliza kwa nini isiongezwe dozi, maana tayari alikuwa nayo na ni dawa ya sonona. Kwa watu wazima ni kweli inatibu sonona. Kwa watoto na vijana, tafiti za dawa za kundi lake hazikuonyesha faida ya maana kuliko kidonge kisicho na dawa, na ikimezwa kwa wingi ni hatari sana kwa moyo. Kumwachia dawa hiyo kijana mwenye mawazo ya kujiua ni kumkabidhi hatari bila kumpa tiba. Kuna sababu nyingine inayosahaulika: fluoksetini huzuia kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, kinachosaidia kuvunja amitriptilini, hivyo anayepewa zote mbili huishia na amitriptilini nyingi mwilini kuliko alivyoandikiwa.

Dozi ya kuanzia kwa kijana ni miligramu 10, lakini famasi ilikuwa na kapsuli za miligramu 20 tu. Kufungua kapsuli na kugawa unga nyumbani hakukushauriwa. Alipewa kapsuli moja siku moja, siku inayofuata akapumzika. Hilo linawezekana kwa fluoksetini kwa sababu yenyewe na zao linalotokana na kuvunjwa kwake mwilini hukaa humo siku nyingi; kwa dawa nyingine nyingi za sonona isingefaa. Kapsuli zilitolewa za wiki moja kwa wakati, zikakaa kwa shangazi, na ni yeye aliyempa kila kapsuli asubuhi baada ya uji na kuweka alama kwenye kalenda ya ukutani.

Kulazwa kulijadiliwa. Hospitali haina wodi ya vijana, na wodi ya watu wazima ingemtisha. Pendekezo la kumhamishia kwa shangazi alilikataa, akiuliza nani atamgeuza mama. Mwisho shangazi mwenyewe alihamia kwao kwa mwezi mmoja, akalala chumba kimoja na binti na kuchukua zamu ya alfajiri.

Wiki sita za mwanzo

Siku ya tisa shangazi alipiga simu. Binti hatulii, anatembea ua mzima, anakaa na kuinuka, na usiku hakulala. Aliletwa kesho yake. Ilibidi kutenganisha mambo matatu yanayofanana kwa mtazamaji: kutotulia kunakoletwa na dawa yenyewe, mwanzo wa hali ya kuchangamka kupita kiasi, na sonona inayozidi. Alisema miguu inamlazimisha kutembea na hali hiyo inamuudhi. Hakuwa na maneno mengi wala mipango mikubwa, na mawazo ya kufa hayakuwa yameongezeka. Ilihukumiwa kuwa athari ya dawa. Mpango wa kupanda hadi kapsuli moja kila siku uliahirishwa kwa wiki moja, na akapangiwa kuonwa baada ya siku tatu. Hali ilitulia kufikia mwisho wa wiki ya pili, na dozi ikapandishwa hadi miligramu 20 kila siku mwanzoni mwa wiki ya tatu.

Kipindi hiki ndicho ambacho tahadhari ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ya mwaka 2004 inakihusu. Mamlaka hiyo ilichambua majaribio 24 yenye washiriki zaidi ya 4,400, watoto na vijana, ikaona kwamba mawazo au matendo ya kutaka kujiua yalijitokeza kwa takriban asilimia 4 ya waliopewa dawa za sonona na asilimia 2 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Katika majaribio hayo hakuna aliyejiua. Shangazi na baba walielezwa takwimu hizi siku ya kwanza kwa maneno ya kawaida, wakaambiwa dalili za kuangalia na namba ya kupiga. Simu ya siku ya tisa ilipigwa kwa sababu ya mazungumzo hayo.

Wiki ya nne PHQ-9 ilikuwa 18. Baba alikata tamaa, akasema dawa haifanyi kazi na inamla mtoto. Alielezwa kwamba fluoksetini huanza kuzuia ufyonzwaji wa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe katika ubongo, ndani ya saa chache, lakini mabadiliko ya mishipa ya fahamu yanayoinua hali ya moyo hujijenga kwa wiki. Aliposikia kwamba ni kama gundi ya mbao, ambayo hushika mapema lakini kiti hakikaliwi hadi ikauke, alinyamaza, kisha akauliza tarehe ya kurudi. Wiki hiyohiyo wakopeshaji walikuja na kuondoka na redio na godoro la mama. Kwa usiku mbili mama alilala kwenye jamvi lililokunjwa mara mbili, na binti akalala sakafuni kando yake.

Wiki ya tano fluoksetini iliisha famasi. Dirishani shangazi aliambiwa achukue amitriptilini kwa muda, kwa kuwa zote ni za sonona. Kwa bahati alipita kliniki kuuliza kwanza, na siku iliyofuata akanunua fluoksetini kwenye famasi ya nje. Kukosa dozi siku moja hakukuleta madhara, kwa sababu ileile ya dawa kukaa mwilini muda mrefu.

Kupunguza mzigo

Tukio la godoro liliharakisha kazi iliyokuwa ikienda polepole. Afisa ustawi wa jamii alikutana na baba, wakaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mkopeshaji mkubwa akakubali mbele ya mashahidi kulipwa mtaji kwa awamu na kutokwenda tena nyumbani. Baba na wadogo wawili wa binti waligawana zamu za usiku za kumgeuza mama. Muuguzi aliwafundisha, kwa kuwa walidai hawajui. Mwalimu wa malezi alimwandikia mkuu wa shule, adhabu za kuchelewa zikasimama.

Katika mazungumzo ya kila wiki muuguzi hakuanza na mawazo ya binti. Alianza na ratiba yake: saa ipi ni yake mwenyewe. Haikuwapo. Waliiweka nusu saa moja ya jioni, akarudi kusuka ukili na jirani kama alivyokuwa akifanya kabla mama hajaugua, na wakaiongeza kidogo kidogo.

Matokeo

Wiki ya saba alirudi darasani kwa nusu siku. PHQ-9 ilikuwa 12 wiki ya nane, 7 wiki ya kumi na mbili, na 4 mwezi wa sita, uzito ukiwa kilo 51. Mawazo ya kujiua yaliisha kati ya wiki ya sita na ya nane. Mwezi wa tatu aliugua malaria iliyothibitishwa, akatibiwa kwa dawa mseto baada ya zahanati kuwasiliana na kliniki kuhusu dawa anazotumia. Alirudia kidato cha tatu, jambo lililomuumiza kuliko alivyokubali kusema.

Mwezi wa nne familia ilitaka dawa isimame, maana amepona na majirani walisema atazoea. Dawa iliendelea. Ilipunguzwa mwezi wa kumi na tatu, baada ya kukaa bila dalili kwa zaidi ya miezi tisa, na kwa makusudi katika kipindi ambacho hapakuwa na mtihani wala mabadiliko nyumbani. Miezi mitano baadaye hakuwa amerudiwa na ugonjwa.

Uchambuzi: kilichosaidia na kilichoshindikana

Ni rahisi kusema fluoksetini ilimponya. Alama zake zilianza kushuka kwa kasi baada ya wiki ya tano, wakati dawa ilikuwa imefikia muda wake wa kufanya kazi, na ndio wakati huohuo wakopeshaji walipoacha kuja na akaanza kulala usiku mzima. Katika mgonjwa mmoja mambo haya hayatenganishwi, na anayeyatenganisha kwa maneno anajidanganya.

Utafiti wa TADS wa Marekani unasaidia kuona kila kimoja kinafanya nini. Vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona waligawanywa katika makundi manne. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu walikuwa asilimia 71 kwa waliopewa fluoksetini pamoja na tiba ya mazungumzo, 60.6 kwa fluoksetini peke yake, 43.2 kwa mazungumzo peke yake, na 34.8 kwa kidonge kisicho na dawa. Kufikia wiki ya 36 makundi matatu ya tiba yalikaribiana: 86, 81 na 81. Kwa hiyo faida kubwa ya dawa ni kuharakisha nafuu, na kwa kijana ambaye tayari anahifadhi vidonge, miezi hiyo ndiyo ya kupona au kupotea. Hadi wiki hiyo ya 36 matukio ya kutaka kujiua yaliwapata asilimia 14.7 ya waliopewa dawa peke yake, 8.4 ya waliopewa vyote viwili na 6.3 ya waliopewa mazungumzo. Fluoksetini ikitolewa dirishani bila mtu wa kuzungumza na kijana, anapewa nusu ya tiba iliyobeba hatari zaidi.

Uchaguzi wa dawa nao unastahili msimamo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet, uliolinganisha dawa 14 za sonona katika majaribio 34 ya watoto na vijana, ulikuta fluoksetini peke yake ndiyo iliyokishinda kwa uhakika kidonge kisicho na dawa. Fluoksetini imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, nayo si dawa ghali. Hospitali inayohudumia vijana inapoishiwa na fluoksetini huku makopo ya amitriptilini yamejaa, tatizo lipo kwenye maombi ya dawa, na wanaoandika maombi hayo wanaweza kulirekebisha.

Msongo wa muda mrefu hauishi mwilini kwa sababu kidonge kimemezwa. Kotisoli, homoni ya msongo inayotolewa na tezi za adrenali zilizo juu ya figo kila mlango unapogongwa huendelea kutolewa kila unapogongwa tena, na ubongo wa ujanani, ambao sehemu za kumbukumbu na za kudhibiti hisia bado zinakomaa, huathirika zaidi na hali hiyo. Hapa ndipo utendaji ulipochelewa. Afisa ustawi wa jamii alistahili kuitwa siku ile fluoksetini ilipoandikwa. Aliitwa wiki ya nne, godoro lilipokuwa limeshakwenda. Ratiba ya zamu za usiku, ambayo haikugharimu hata shilingi, nayo ilingoja hadi wiki ya tano kwa sababu hakuna aliyewauliza wanaume wa familia mapema, kana kwamba kumgeuza mgonjwa ni kazi isiyofundishika kwao.

Zahanati ilimwona mara tano kabla ya mtu kumuuliza anajisikiaje. Maswali mawili ya mwanzo ya PHQ-9, moja la kukosa hamu ya mambo na moja la huzuni, huchukua chini ya dakika moja, na yangefaa kuulizwa kila kijana anaporudi mara ya pili na maumivu yasiyo na kipimo cha kuyaeleza.

Mama bado ni mgonjwa na deni halijaisha, hivyo uwezekano wa sonona kurudi upo. Faili lake lina ukurasa mmoja ulioandikwa pamoja naye, nakala ikiwa kwa shangazi na nyingine kwa mwalimu wa malezi. Umeorodhesha dalili zake za mwanzo kwa maneno yake: kichwa cha asubuhi, kuacha kusuka, na kurudi kuamka saa kumi bila zamu yake. Mojawapo ikidumu wiki mbili, anapaswa kuonwa kliniki bila kusubiri tarehe, na dawa ikihitajika tena aanzishiwe fluoksetini ileile iliyomsaidia, kwa dozi ileile ya kuanzia, na kapsuli zikae tena kwa shangazi.